Ipe programu saraka iliyofunguliwa, usiipe jina la faili

Chukua fankisheni yoyote inayopokea jina la njia na kurudisha yaliyomo kwenye faili. Ukiisoma sahihi yake, yaani mstari unaotaja jina lake na vitu inavyopokea, utadhani inahitaji faili moja tu. Lakini inapoita open(), mwito wa kufungua faili, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) haina habari na nia yako. Inaangalia mchakato unaendeshwa kwa jina la mtumiaji gani, kisha inafungua chochote ambacho mtumiaji huyo ana haki nacho: funguo za SSH, hifadhidata, mipangilio ya seva. Haki hizo zimetapakaa katika mchakato mzima, na kila mstari wa msimbo, ukiwemo wa maktaba ambayo hujawahi kuisoma, unazitumia bila kumwomba mtu. Kwa maoni yangu kosa limekaa kwenye sahihi ile ya fankisheni, na ukaguzi wowote unaowekwa kabla ya open() ni kiraka juu ya nguo iliyokwisha kuoza.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Dhana ya kibali kisichoghushika, yaani kitu kimoja kinachotaja rasilimali na papo hapo kubeba haki ya kuitumia, iliandikwa na Jack Dennis na Earl Van Horn wa MIT mwaka 1966. Mwaka 1988 Norm Hardy akaeleza kisa cha kompaila iliyokuwa ikitumika Tymshare, kampuni iliyokodisha muda wa kompyuta. Ilikuwa imeruhusiwa kuandika kwenye saraka ya mfumo ili itunze takwimu zake, na katika saraka hiyohiyo kulikuwa na faili la ankara. Mtumiaji akaitajia kompaila jina la faili la ankara kama mahali pa kumwaga taarifa za utatuzi, nayo ikaandika juu yake. Hakuna ruhusa iliyokiukwa. Kompaila ilikuwa na mamlaka mawili, yake na ya aliyeituma, na jina tupu halina pa kuonyesha ni yapi yatumike. Seva ya leo inayofungua mafaili ya zip ya watumiaji imo katika hali ileile.

Tuitazame seva hiyo kwa karibu. Kila mteja ana saraka yake, tuseme /srv/hifadhi/mteja-7, na kila faili lililomo ndani ya zip linakuja na jina lake. Mwandishi wa kwanza anaunganisha majina mawili na kufungua. Likija jina ../../../etc/cron.d/kazi, faili linaandikwa nje kabisa ya hifadhi, kwenye saraka ya kazi ambazo mfumo huziendesha wenyewe kwa ratiba. Dosari za aina hii zilitangazwa mwaka 2018 kwa jina la Zip Slip, zikakutwa kwenye maktaba za lugha nyingi. Mwandishi wa pili anasafisha njia kwanza, halafu anahakikisha inaanza na /srv/hifadhi/mteja-7. Sasa jaribu ../mteja-70/siri. Njia iliyosafishwa ni /srv/hifadhi/mteja-70/siri, nayo inaanza na herufi zilezile. Amesahau mkwaju (/) wa mwisho.

Wa tatu anaweka mkwaju. Zip inayofuata ina vitu viwili: cha kwanza ni kiungo laini kiitwacho picha, yaani faili dogo lisilo na kitu ndani ila njia nyingine, na njia hiyo ni /etc/cron.d, cha pili ni picha/kazi. Majina yote mawili ni masafi. Kama ulikagua orodha yote kabla ya kuanza kufungua, picha haikuwepo bado, kwa hiyo hata realpath(), fankisheni inayofuata viungo na kurudisha njia halisi, isingekuonya.

Wa nne anaita realpath() kwa kila kitu, sekunde ileile kabla ya open(). Hapo ndipo watu wengi huridhika, na ndipo shida halisi ilipo. Kati ya realpath() na open() kuna mwanya, na mchakato mwingine wenye haki ya kuandika kwenye saraka hiyo unaweza kuutumia. Kwenye Linux mshambuliaji hahitaji hata bahati kubwa: renameat2() ikipewa RENAME_EXCHANGE hubadilishana saraka ya kweli na kiungo laini kwa tendo moja lisilogawanyika. Anaiweka kwenye mzunguko, inabadilishana mfululizo, na wewe ukague mara ngapi utakavyo. Siku moja utakagua saraka ukafungua kiungo.

Haya hayawapati wanagenzi peke yao. Fankisheni remove_dir_all ya maktaba sanifu ya Rust ilikuwa na mwanya huohuo, ukiangalia kama kitu ni kiungo na kisha kuingia ndani yake kwa jina. Ulisajiliwa kwenye orodha ya hadhara ya dosari za usalama kama CVE-2022-21658 na kuzibwa kwenye toleo la 1.58.1, Januari 2022. Upande wa Python, dosari ya tarfile, maktaba ya kufungua mafaili ya tar, ilisajiliwa mwaka 2007, na kichujio cha data cha kuidhibiti kikaja na toleo la 3.12. Mwaka 2025 kichujio hicho nacho kikapenywa (CVE-2025-4517): os.path.realpath ilipokutana na njia ndefu kuliko PATH_MAX, kikomo cha urefu wa njia ambacho kwenye Linux ni baiti 4096, iliacha kutatua viungo kimyakimya na kurudisha jibu lisilo la kweli. Watu makini, msimbo uliopitiwa na macho mengi, na bado. Sababu ni kwamba programu inajaribu kubashiri kerneli itatafsiri vipi herufi, wakati mwenye jibu ni kerneli yenyewe, tena katika nukta ileile inayofungua.

Dawa ni kupitisha kitu kingine. Fungua saraka ya mteja mara moja, mahali pamoja panapoaminika, ubaki na kishikizo chake, ile namba ndogo ambayo kerneli hukupa baada ya open(). Kisha kila fankisheni ya ndani ipokee kishikizo hicho pamoja na jina la kuanzia hapo. Miito ya kazi hii ipo tangu zamani: openat() iliingia Linux 2.6.16 mwaka 2006 na kuwa sehemu ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, mwaka 2008. Ila openat() peke yake haifungi mlango. Ukiipa njia inayoanza na mkwaju, inapuuza kishikizo. Ukiipa ../.. inapanda juu. Na O_NOFOLLOW, bendera ya kukataa kufuata kiungo laini ambayo wengi huiweka kwa imani, hulinda kipande cha mwisho tu cha njia. Picha/kazi itapita kwa sababu kiungo kiko katikati.

Kilichokosekana kilikuja na Linux 5.6 mwaka 2020: openat2(). Matumizi yake ya kawaida ni haya:

struct open_how how = {
    .flags = O_RDONLY | O_CLOEXEC | O_NOFOLLOW | O_NONBLOCK,
    .resolve = RESOLVE_BENEATH | RESOLVE_NO_MAGICLINKS,
};
int fd = syscall(SYS_openat2, saraka, jina, &how, sizeof how);

RESOLVE_BENEATH huiambia kerneli kwamba hatua yoyote ya kutatua njia ikitoka nje ya saraka, iwe kwa mkwaju wa mwanzo, kwa nukta mbili (..) au kwa kiungo laini, mwito ushindwe na kurudisha hitilafu ya EXDEV. Ndugu yake, RESOLVE_IN_ROOT, haikatai. Yeye huichukulia saraka hiyo kuwa ndiyo mkwaju, na nukta mbili zikifika hapo zinagota. Tumia IN_ROOT unapotembea ndani ya taswira ya kontena, ambamo viungo vya /usr/lib vimeandikwa vikidhani hapo ndipo mwanzo wa dunia. Kwa majina yanayotoka kwa watumiaji nashauri BENEATH, kwa kuwa jina linalojaribu kutoka ni dalili ya shari na linafaa kuandikwa kwenye kumbukumbu za seva badala ya kunyooshwa kimyakimya.

O_NONBLOCK imo kwa sababu moja: mshambuliaji akiweka bomba la FIFO, faili la pekee linalomuunganisha mwandishi na msomaji, mahali pa faili, open() ya kusoma itakaa ikisubiri mwandishi asiyekuja, na uzi mmoja wa seva umekwenda. Baada ya kufungua, ita fstat() kwenye kishikizo, uhakikishe kwa S_ISREG kwamba ni faili la kawaida, ndipo usome. Angalia pia kwamba sehemu ya mode haikujazwa. Bila O_CREAT au O_TMPFILE lazima iwe sifuri, la sivyo utapata EINVAL. Tofauti na open() ya kale inayomeza bendera isizozijua, openat2() huzikataa, na hilo ni jambo jema hata likikuudhi siku ya kwanza.

Hitilafu tatu zitakusumbua kazini. EAGAIN hutokea pale kerneli ilipokuwa ikitatua nukta mbili huku mahali fulani kwenye mfumo kitu kikihamishwa au kupachikwa, ikashindwa kuthibitisha kwamba haikutoka nje. Jaribu tena, lakini kwa idadi yenye kikomo. Mzunguko usio na mwisho ni zawadi kwa yule mwenye RENAME_EXCHANGE. ENOSYS maana yake kerneli ni ya zamani. Ya tatu ni EPERM ndani ya kontena: vichujio vya zamani vya seccomp, kinga inayochuja miito inayokwenda kwa kerneli, havikuujua mwito huu, vikajibu kana kwamba umekatazwa, na programu nyingi zikashindwa kutofautisha kichujio na ruhusa halisi ya faili. Jaribu openat2() mara moja mwanzoni mwa programu, kwenye saraka unayojua inafunguka, uhifadhi jibu.

Kama openat2() haipo, itabidi utembee njia kipande kwa kipande. Kila kipande, isipokuwa faili la mwisho, kinafunguliwa kwa openat() yenye O_NOFOLLOW na O_DIRECTORY. Kikigundulika ni kiungo, kisome kwa readlinkat(), uunganishe ulichosoma na vipande vilivyobaki, na uendelee. Weka kikomo cha viungo 40 kama Linux yenyewe. Kosa la kawaida hapa ni nukta mbili. Usimwombe kerneli akupandishe. Weka rundo la vishikizo vya saraka ulizopita, na nukta mbili zikija, toa kishikizo cha juu kwenye rundo. Ukimwomba kerneli, na saraka uliyomo imehamishwa kwingine wakati unatembea, mzazi wake sasa ni mwingine, nawe uko nje bila kujua. Njia ya vipande kumi ni miito isiyopungua kumi badala ya mmoja, na rundo linakula vishikizo huku kikomo laini cha mchakato mara nyingi kikiwa 1024. Ndiyo gharama yake.

Kufungua ni nusu ya kazi. Hakuna unlinkat2 wala mkdirat2 zenye bendera za BENEATH. Anayeita unlinkat(saraka, "picha/kazi", 0) amerudi alikotoka, kwani picha inaweza kuwa kiungo. Utaratibu ulio salama ni kuligawa jina: fungua saraka mzazi kwa openat2() yenye O_PATH (kishikizo cha kutaja mahali tu, bila kusoma wala kuandika) na O_DIRECTORY, kisha ita unlinkat(), mkdirat() au renameat() juu ya kishikizo hicho na jina la mwisho pekee, lisilo na mkwaju na lisilokuwa nukta moja wala mbili. Miito hiyo mitatu haifuati kiungo kwenye kipande cha mwisho, kwa hiyo inatosha. Kubadilisha ruhusa ni kugumu zaidi. Kerneli za Linux kabla ya 6.6 hazikuwa na mwito wa chmod wenye bendera ya kutofuata kiungo, na fchmod() hukikataa kishikizo cha O_PATH. Fungua faili lenyewe, hakiki, kisha fchmod(). Ukikagua maktaba inayojitapa kwamba inadhibiti njia, usianze na kufungua. Anza na rename, link na chmod, huko ndiko uvivu hujificha.

Kuna mambo ambayo kishikizo cha saraka hakiyazuii, na muuzaji mwaminifu huyataja. Kiungo kigumu, yaani jina la pili la faili lilelile, kilichotengenezwa ndani ya saraka kikielekea faili la nje kitaonekana kama faili la humo. Kinga ni mpangilio wa kerneli uitwao fs.protected_hardlinks. Mtu akipachika mfumo mwingine wa mafaili ndani ya saraka, BENEATH itapita bila kusita, mpaka uongeze RESOLVE_NO_XDEV. Kisha kuna tabia inayowashangaza wasimamizi: kishikizo kinafuata saraka yenyewe, hakifuati jina. Ukiipa saraka jina jipya na kuunda nyingine kwa jina la zamani, programu itaendelea kuandika kwenye ile ya kwanza. Ikiwa imefutwa, kuunda faili humo kunarudisha ENOENT ingawa ukiangalia kwa macho saraka ipo. Na kila kishikizo kiwe na O_CLOEXEC, au mchakato mtoto utarithi kibali ambacho hakuna aliyekusudia kuupa.

Wapo watakaouliza: si tuweke programu nzima kwenye kizimba, yaani uzio unaowekea mipaka mafaili inayoweza kugusa, tukalale? Kizimba kinasaidia, ila kinajibu swali jingine. Seva yetu ya zip inahitaji hifadhi ya wateja wote, hivyo kizimba chochote kitairuhusu /srv/hifadhi yote, na mteja wa 7 bado anaweza kusoma vya mteja wa 70. Wakala anayechanganywa, kama ile kompaila ya Tymshare, yumo ndani ya kizimba. Chroot, mwito unaobadilisha saraka ambayo mchakato huiona kuwa mwanzo wa njia zote, uliopo tangu Unix toleo la 7 la mwaka 1979, ina ubaya wake wa ziada: mchakato wenye haki za root, au ulioachiwa kishikizo kimoja cha saraka ya nje, unatoka kwa fchdir(), mwito wa kuhamia kwenye saraka ya kishikizo.

Kinyume chake nacho ni kweli. Maktaba kama cap-std ya Rust, ambamo aina ya Dir ndiyo kibali, au os.Root iliyokuja na Go 1.24 mwezi Februari 2025, hazizuii msimbo wenye nia mbaya. Kifurushi chochote ndani ya mchakato huohuo kinaweza kuita std::fs au os.Open ya kawaida. Zinachofanya ni kuifanya mamlaka ionekane kwenye sahihi, ili anayepitia msimbo aone fankisheni hii imepewa nini. Hiyo si haba. Heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini usiite nusu hiyo kizimba.

Mfumo uliounganisha pande zote mbili vizuri kuliko mingine, kwa maoni yangu, bado ni Capsicum ya FreeBSD, iliyoandikwa na kundi la Robert Watson wa Cambridge pamoja na wahandisi wa Google, ikawasilishwa mwaka 2010 na kuingia FreeBSD 9.0. Ukishaita cap_enter(), hakuna kurudi: open() ya jina inakataliwa kwa ECAPMODE, na kilichobaki mkononi ni vishikizo ulivyokwisha kufungua, kila kimoja kikiwa kimepunguzwa haki kwa cap_rights_limit(). Saraka ya kusoma tu inapata CAP_LOOKUP, CAP_READ, CAP_SEEK na CAP_FSTAT. Kinachowakwamisha wengi ni mpangilio. Saa za maeneo, lugha, majina ya seva kutoka DNS, vyeti vya TLS: vyote husomwa kwa jina, mara nyingi kwa kuchelewa, pale vinapohitajika mara ya kwanza. Ita tzset() na vipakie vyeti kabla ya cap_enter(). Kwa DNS tumia huduma ya libcasper. Wakati wa kutafuta kilichovunjika, endesha ktrace -t p na usome kdump. Itakuonyesha haki iliyokosekana, badala ya kubahatisha.

Linux haina kitu sawa na hicho. Inayokaribia ni Landlock, kizimba cha kerneli kilichoingia toleo la 5.13 mwaka 2021, ambacho mchakato hujiwekea wenyewe bila root baada ya PR_SET_NO_NEW_PRIVS. Kanuni zake hupokea kishikizo cha saraka, kwa hiyo zinakaa vizuri na mtindo huu. Lazima uulize toleo la ABI, yaani la kiolesura cha Landlock kwenye kerneli hiyo, kabla ya kuandika kanuni. Toleo la 1 lilikataa moja kwa moja kuhamisha faili kati ya saraka mbili, na hakuna kanuni ya kuiruhusu mpaka toleo la 2 (Linux 5.19). Udhibiti wa kukata urefu wa faili ukaja toleo la 3 (Linux 6.2), kabla ya hapo truncate() ilikuwa nje ya kanuni zote, na faili ulilodhani haliguswi lingeweza kubaki na baiti sifuri.

WASI, kiolesura kinachozipa programu za WebAssembly (msimbo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe) huduma za mfumo, imeanzia upande wa pili. Moduli ya WebAssembly haina jina lolote la kuanzia. Mwendeshaji huipa saraka zilizofunguliwa tayari, kwa wasmtime ni kupitia --dir, na nje ya hizo hakuna kitu. Msimbo wa kale wa C bado unaita open("/data/x"), kwa hiyo wasi-libc hulinganisha njia hiyo na orodha ya saraka ilizopewa, ikichagua kiambishi kinacholingana kwa urefu zaidi. Ni maridhiano yanayofaa kuhamisha programu, na mipaka ya nje haiguswi. Ndani ya moduli, hata hivyo, mamlaka yametapakaa upya: kila fankisheni inaona saraka zote. Ukiipa moduli moja saraka za wateja wote wawili, umejenga tena kompaila ya Tymshare. Ipe kila ombi moduli yake yenye saraka moja.

Kuhamia mtindo huu kwenye msimbo uliopo, anza na tafuta ya kawaida: kila open, fopen, stat, rename na AT_FDCWD (alama ya saraka ya sasa ya mchakato). Sukuma ufunguzi wa saraka kuelekea main(), sahihi moja baada ya nyingine, kutoka chini kwenda juu. Jaribio la kweli ni mchakato wa pili unaobadilishana saraka na kiungo kwa RENAME_EXCHANGE huku programu ikifanya kazi dakika kadhaa, na faili la alama lililowekwa nje ambalo halitakiwi kubadilika hata kidogo.

Mwisho wa safari hiyo utagota kwenye maktaba zinazotaka jina na si kingine. SQLite, maktaba ya hifadhidata, ndiyo mfano mgumu: majina ya mafaili yake ya pembeni, -journal na -wal, huyatengeneza kutokana na jina la faili kuu, hivyo kishikizo kimoja cha faili hakiitoshi. Njia mbili zipo. Unaweza kuandika VFS yako, tabaka la SQLite linaloshughulika na mafaili, na kuisajili kwa sqlite3_vfs_register(), ukijibu kila ombi la kufungua kwa openat2() juu ya saraka yako, na hapo utalazimika kushughulikia kufunga faili na kumbukumbu ya pamoja ya -wal wewe mwenyewe. Au uitenge hifadhidata kwenye mchakato wake, uliofungwa na Landlock kwenye saraka moja, na uzungumze nao kupitia soketi. Ningechagua ya pili. VFS iliyoandikwa kwa haraka huharibu data kabla mshambuliaji hajafika.